Kiraka Kitupu cha Mwasiti

Juu kwenye milima ya Usambara, katika kijiji cha Kwemlongo, aliishi msichana mdogo aitwaye Mwasiti.

Kwemlongo kuna baridi. Asubuhi ukisema "shikamoo", moshi mweupe unatoka mdomoni.

Mwasiti aliishi na Mama, Baba, Bibi, na kaka yake Hozza. Na chini ya kitanda cha Bibi kulikuwa na sanduku.

Ndani ya sanduku, katikati ya majani makavu ya mkaratusi, ulilala mfarishi.

Mfarishi ni nini?

Ni blanketi nene la viraka. Viraka vingi vya nguo, vimeshonwa kimoja kwa kimoja, na ndani kumejazwa sufi laini. Ukijifunika mfarishi, baridi hubisha hodi, hodi, hodi, na hakuna anayeifungulia.

Siku moja, kabla ya mvua za masika, Bibi aliutoa mfarishi nje auanike juani. Aliutandaza juu ya ua, akaupigapiga kwa fimbo.

Pu! Pu! Pu!

Vumbi likaruka. Mwasiti akapiga chafya. Chya!

"Afya, mke mwenzangu," alisema Bibi. Bibi alipenda kumtania hivyo mjukuu wake.

Mwasiti akausogelea mfarishi. Alijua viraka vyote. Lakini alipenda kuviulizia tena.

"Bibi, hiki cha nani?"

"Hicho ni peasi la mama yako. Alilichuma alipokuwa mdogo kama wewe."

Peasi lilikuwa la kijani, na pembeni yake palichungulia funza mmoja mnene, ameshonwa kwa uzi mweupe.

"Na hiki?"

"Hicho ni kiazi cha mjomba wako Kupaza."

Kiazi kilikuwa cha kahawia, na katikati kilikuwa na tundu. Jembe la Mjomba Kupaza lilipita hapo.

"Na hiki?"

"Hilo ni hindi la babu yako. Nguo yake ni shati lake la harusi."

Mwasiti hakumwahi Babu. Lakini alilijua hindi lake. Upande mmoja lilikuwa na punje. Upande wa pili halikuwa na kitu. Ngedere walikuwa wamelionja kwanza.

Kisha kilikuwepo kiraka cha Hozza. Kabichi! Kabichi kubwa, la kijani kibichi, lenye matobo matatu ya konokono. Hozza alishonewa mwaka uliopita, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

"Hilo kabichi," alisema Hozza, "Baba alilibeba kwa mikono miwili."

"Tumesikia," alisema Mwasiti.

Mwisho kabisa, kwenye kona, kulikuwa na kiraka kimoja cheupe. Hakikuwa na tunda. Hakikuwa na mboga. Hakikuwa na hata jani.

Mwasiti hakuuliza hicho ni cha nani. Kilikuwa chake.

Mtoto alipozaliwa katika nyumba ile, Bibi alikata kipande cha shuka alilofunikwa. Alikishona kwenye mfarishi, kitupu, kikangoja.

Mtoto alipokua, akapanda kitu, akakivuna kwa mikono yake mwenyewe, ndipo Bibi alipokishona kitu hicho juu ya kiraka chake. Na usiku huo, mtoto huyo ndiye aliyelala na mfarishi.

Hozza akachungulia kile kiraka cheupe.

"Mimi najua hiki ni nini," alisema. "Ni picha ya ukungu."

"Si ukungu!"

"Basi ni kabichi. Limeliwa lote."

"Bibi! Mwone Hozza!"

"Hozza, mume wangu," alisema Bibi, "nenda kaniletee maji. Na usirudi upesi."

Hozza akaenda anacheka.

Mwasiti akakipapasa kiraka chake. Kilikuwa laini na kitupu.

"Bibi, mwaka huu unishonee karoti," alisema. "Karoti ndefu kama mkono wa Baba. Iliyonyooka. Nzuri kuliko viraka vyote."

"Nitashona utakayoileta," alisema Bibi. "Unajua tunavyosema."

Mwasiti alijua. Walisema pamoja:

"Mfarishi wetu hausemi uongo.
Husema tulichovuna."

*

Mvua za masika zilipoanza, ti, ti, ti, Baba alimpa Mwasiti tuta dogo karibu na mfereji.

"Hili ni lako," alisema Baba. "Jembe lako hili. Kazi kwako."

Mwasiti akalima. Akachanganya udongo na samadi. Pua yake haikupenda, lakini mikono yake ilipenda.

Mama akammiminia mbegu kiganjani. Mbegu za karoti ni ndogo. Ni ndogo kama viroboto, ila haziruki.

Mwasiti akazimwaga kwenye mstari. Akazifunika kwa udongo, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa tunaziacha," alisema Mama.

"Tunaziacha mpaka lini?"

"Mpaka baridi kali irudi."

Mwasiti akatazama tuta lake. Akachuchumaa. Akangoja kidogo.

"Mama, baridi bado?"

"Bado, mwanangu. Twende tukale."

*

Mvua ikanyesha. Jua likawaka. Mvua ikanyesha tena.

Siku moja majani yakatoka! Yalikuwa membamba na laini, kama manyoya ya kifaranga.

Mwasiti alirukaruka kando ya mfereji. "Zimeota! Zimeota! Njooni mwone!"

Mama akaja. Baba akaja. Hozza akaja pia, akainama, akatazama.

"Mimi naona majani," alisema.

"Karoti ziko chini."

"Umeziona?"

"Sijaziona."

"Kabichi langu nililiona kila siku," alisema Hozza. "Lilikaa juu, likanenepa, nikaliona. Hizi zako zimejificha. Pengine chini hakuna kitu."

Akaenda zake anapiga mluzi.

Mwasiti akabaki peke yake. Alitazama majani. Alitazama udongo.

Pengine chini hakuna kitu.

Alitazama huku. Alitazama kule. Kisha akashika kishungi kimoja cha majani kwa vidole viwili.

"Karoti, karoti, umekua?
Nione kidogo tu, halafu nikurudishe."

Akavuta. Chomo!

Ilitoka karoti nyembamba kama uzi. Tena nyeupe.

"Bado," alisema Mwasiti. Akairudisha shimoni, akaigandamiza kwa dole gumba.

Kesho yake alirudi.

"Karoti, karoti, umekua?
Nione kidogo tu, halafu nikurudishe."

Chomo! Ilitoka nyingine. Ilikuwa nyembamba kama mkia wa panya.

"Bado." Akairudisha.

Kesho yake tena, chomo! Na kesho yake, chomo! Na siku Hozza alipomwuliza, "Vipi ile hewa yako, imekua?" Mwasiti alikwenda moja kwa moja shambani, na siku hiyo zilikuwa chomo, chomo, chomo, chomo!

Mwisho wa tuta, karibu kabisa na mfereji, kulikuwa na karoti moja ambayo hakuwa ameitazama.

"Karoti, karoti, umekua?
Nione kidogo tu, halafu nikurudishe."

Akavuta.

Ng'o.

Akavuta kwa mikono miwili.

Ng'o!

Majani mawili yakakatika. Mwasiti akaanguka, pu, akakalia matope.

"Karoti mbaya wewe!" alisema. "Wenzako wote wametoka. Baki humo humo!"

Na ikabaki.

*

Mvua zikaisha. Asubuhi zikaanza kuuma vidole. Watu wa Kwemlongo wakavaa masweta, na mavuno yakaanza.

Viazi vikachimbwa. Makabichi yakapangwa kwenye matenga. Katika shamba kubwa la Mama, karoti zikang'olewa, ndefu, zilizonyooka, zikarundikwa kama kuni.

"Bado kidogo nitaanza kushona," alisema Bibi. Akalisugua subana lake, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvaa kidoleni, mpaka likang'aa.

Mwasiti akamshika Mama mkono. "Twende sasa tukaone zangu!"

Walikwenda mpaka kwenye tuta. Wakasimama.

Majani yalikuwa yamelala chini. Yalikuwa ya njano. Mengine yalikuwa yamekauka kabisa, yanapeperuka.

"Mwasiti," alisema Mama, "ni nani aliyezisumbua karoti hizi? Ni kuku?"

Mwasiti alitazama vidole vya miguu yake. "Si kuku."

"Ni nani basi?"

"Mimi nilikuwa nazitazama tu."

"Unazitazama vipi, na ziko chini?"

"Nazitoa. Halafu nazirudisha."

Mama akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Mabega yake yalitikisika kidogo. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, wewe umelala, umejifunika. Mimi nije nikuinue kitandani. 'Mwasiti, umekua?' Nikurudishe. Umesinzia, nikuinue tena. 'Mwasiti, umekua?' Ungekua kweli?"

"Nisingekua," alisema Mwasiti. "Ningelia."

Na akalia. Alilia machozi mengi, ya moto, kwa sababu ya karoti, na kwa sababu ya kiraka kitupu.

"Kitabaki ukungu!" alilia. "Kitabaki ukungu tu!"

Mama akampangusa mashavu. Kisha akanyoosha kidole.

"Na ile je?"

Mwisho wa tuta, karibu na mfereji, kishungi kimoja cha majani kilikuwa kimesimama. Kilikuwa cha kijani. Kilikuwa kimepungukiwa majani mawili tu.

"Ile ni mbaya," alisema Mwasiti, anavuta kamasi. "Niliivuta, ikakataa kutoka."

"Ikakataa?"

"Ikakataa kabisa."

"Haya," alisema Mama. "Iache mpaka Bibi atakaposhika sindano. Utaweza?"

Mwasiti akafikiri. Lilikuwa jambo gumu sana.

"Nitaweza," alisema, "nikikalia mikono."

Basi kila jioni Mwasiti alikwenda kwenye tuta lake. Aliketi chini. Aliweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Kisha akanong'ona:

"Karoti, karoti, lala.
Sikuoni, lakini nipo."

Vidole vikamwasha. Akavikalia vizuri zaidi.

"Karoti, karoti, lala.
Sikuoni, lakini nipo."

Hozza akapita na ndoo. "Unaongea na nani?"

"Shh! Amelala."

Hozza akafungua mdomo acheke. Akamtazama mdogo wake aliyekalia mikono kwenye baridi. Akafunga mdomo. Akaenda zake, na safari hii hakupiga mluzi.

*

Ikafika siku ambayo ukungu haukuondoka mpaka adhuhuri. Bibi akafungua sanduku. Harufu ya mkaratusi ikajaa nyumba nzima. Mfarishi ukatandikwa kitandani.

"Leo nashona," alisema Bibi.

Mwasiti akakimbia mpaka kwenye mfereji.

Hakuvuta. Alichimba. Alichimba kwa vidole, taratibu, kuzunguka majani. Kwaru, kwaru, kwaru.

Udongo ukafunguka. Rangi ya chungwa ikachungulia.

"Umekua!" alipiga kelele Mwasiti. "Hozza! Imekua!"

Akachimba zaidi. Kwaru, kwaru, kwaru. Na karoti ikatoka.

Mwasiti akaitazama.

Haikuwa ndefu kama mkono wa Baba. Ilikuwa fupi kama kidole gumba cha Baba. Na haikuwa imenyooka. Ilikuwa na miguu miwili iliyopinda, na ile miguu ilikuwa imezunguka kijiwe kidogo cha kijivu. Mwasiti alijaribu kukitoa kijiwe. Ng'o.

Hozza akafika, anahema. Naye akaitazama.

Mwasiti alingoja Hozza acheke. Hozza hakucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ni mbaya, eti?" aliuliza Mwasiti.

"Ngoja hapo hapo," alisema Hozza. "Usilie. Ngoja."

Akakimbia. Akarudi na karoti kutoka kwenye tenga la Mama. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa imenyooka. Iling'aa.

"Mpelekee Bibi hii," alisema Hozza. "Karoti ni karoti. Hatajua."

Mwasiti akaishika. Ilikuwa nzito, tena nzuri. Ilikuwa ile ile aliyoiota siku zote.

Akaishika karoti kubwa kwa mkono wa kulia. Ile ndogo akaificha nyuma kwa mkono wa kushoto. Akaingia ndani.

Bibi alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mkasi ulikuwa pembeni. Subana lilikuwa kidoleni.

"Hodi," alisema Mwasiti, kwa sauti ndogo.

"Karibu, mke mwenzangu. Umeniletea nini?"

Mwasiti akanyoosha mkono wa kulia.

Bibi akavaa miwani. "Maashallah! Karoti hasa hii. Umeivuna wewe?"

Mwasiti akafungua mdomo.

Kisha akatazama kitandani.

Mbele yake kulikuwa na mfarishi. Palikuwa na peasi la Mama, na funza mnene akichungulia. Palikuwa na kiazi cha Mjomba Kupaza, na tundu lake. Palikuwa na hindi la Babu, na ule upande usio na punje.

Mwasiti alikuwa ameviona viraka hivyo maisha yake yote. Lakini leo aliona jambo jipya.

"Bibi," alisema polepole, "kwa nini hukumshonea Mjomba kiazi kizima?"

"Kwa sababu hakuvuna kiazi kizima."

"Na Babu? Hindi lenye punje zote?"

"Angelitoa wapi? Ngedere walikula nusu, yeye akavuna nusu. Mwenyewe aliniambia nisimwongezee hata punje moja."

"Na Mama? Alilia, alipomwona funza?"

"Alilia kidogo," alisema Bibi. "Halafu akampa yule funza jina."

"Alimwitaje?"

"Alimwita Bwana Shamba. Alisema ndiye aliyekuja kulikagua peasi."

Mwasiti alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. Na alipocheka, mkono wa kushoto ukatoka nyuma wenyewe.

"Hii kubwa si yangu," alisema haraka haraka. "Ni ya shamba la Mama. Yangu ni hii. Zilizobaki zote nilizitoa, nikazirudisha, zikafa. Na hii ina jiwe."

Bibi akaipokea ile karoti ndogo. Akaigeuza huku. Akaigeuza kule. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwasiti," alisema, "umeiangalia vizuri?"

"Imepinda."

"Iangalie tena. Miguu yake inafanya nini?"

Mwasiti akasogea. Karoti ilikuwa imelizunguka jiwe kwa miguu yote miwili. Ilikuwa imelishika sana, kama yeye alivyomshika Baba shingoni walipovuka mto.

"Imelikumbatia," alisema Mwasiti. Macho yake yakawa makubwa. "Bibi! Ndiyo maana ilikataa kutoka! Nilivuta, nikavuta, na yenyewe imelikumbatia jiwe!"

"Ikakushinda nguvu?"

"Ikaniangusha kwenye matope!"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka miwani ikashuka puani. Mama akaja kuona kuna nini. Baba akaja. Hozza alikuwa mlangoni tangu mwanzo.

"Katika mfarishi huu," alisema Bibi, anafuta macho, "tuna funza, tuna tundu, tuna kazi ya ngedere. Karoti yenye jiwe hatujapata kamwe. Hozza, mume wangu, nipe mkasi."

*

Walitafuta vitambaa.

Rangi ya chungwa ilitoka kwenye gauni la Mwasiti la zamani, lililokuwa halipiti tena mabegani. Kijani ilitoka kwenye kitenge cha Mama.

"Na jiwe?" aliuliza Mama. "Nani ana kijivu?"

Wote wakamtazama Hozza. Hozza alikuwa na kaptula kuukuu ya shule. Ilikuwa ya kijivu, na ilikuwa imetatuka mfukoni.

"Kaptula yangu?" alisema Hozza. "Iwe jiwe?"

"Nyuma bado ni pazima," alisema Bibi. "Tutakata hapo."

"Hapo pa kukalia!" alisema Mwasiti, akacheka mpaka akakaa chini.

Mkasi ukakata. Kwachu, kwachu, kwachu.

Sindano ikaingia. Sindano ikatoka. Chwi, chwi, chwi.

Bibi alishona miguu miwili iliyopinda. Alishona jiwe katikati. Alishona kishungi cha majani, na Mwasiti akayahesabu.

"Bibi, umezidisha. Mawili niliyakata mimi."

Bibi akamtazama juu ya miwani. Kisha akafumua majani mawili.

"Ahsante kwa kunikumbusha," alisema.

Mwasiti alivaa subana. Lilikuwa kubwa, likacheza kidoleni. Bibi akamshika mkono, na pamoja wakafunga fundo la mwisho.

Kiraka cheupe hakikuwa kitupu tena.

Kila mtu akasogea. Na wote, hata Hozza, wakasema:

"Mfarishi wetu hausemi uongo.
Husema tulichovuna."

Karoti kubwa ya shamba la Mama ikaingia kwenye mchuzi. Karoti ndogo ya Mwasiti ikaoshwa, ikakatwa. Kila mtu alipata kipande kidogo kama ukucha.

"Tamu," alisema Baba.

"Tamu sana," alisema Mama.

Hozza akatafuna muda mrefu. "Ina ladha ya mawe kidogo," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini ni nzuri kuliko kabichi."

Na kijiwe? Kijiwe kiliwekwa dirishani, kipate kuona shamba.

*

Usiku ukaingia Kwemlongo. Baridi ikashuka kutoka mlimani, ikapita mlango kwa mlango.

Mwasiti akapanda kitandani. Bibi akamfunika mfarishi mpaka kidevuni. Ulikuwa mzito. Ulikuwa na joto. Ulinukia mkaratusi.

Mwasiti akaviaga viraka kimoja kimoja. "Lala salama, Bwana Shamba. Lala salama, kiazi cha Mjomba. Lala salama, hindi la Babu. Lala salama, kabichi."

Kutoka kitanda cha pili ikasikika sauti. Gi-gi-gi-gi.

"Hozza, ni wewe?"

"Ni meno yangu," alisema Hozza.

Mwasiti akafikiri kidogo. Kisha akainua upindo wa mfarishi.

"Njoo. Lakini usilalie jiwe langu."

"Ni kaptula yangu hiyo."

"Ilikuwa."

Hozza akaingia. Miguu yake ilikuwa baridi kama mfereji. Mwasiti akapiga ukelele mdogo, wakacheka, wakanyamaza.

Baridi ikabisha. Hodi, hodi, hodi.

Hakuna aliyeifungulia.

Baadaye Mama akaja na taa, ananyata. Alitaka kuwaona watoto wake kabla hajalala. Akashika upindo wa mfarishi kwa vidole viwili, akauinua kidogo, kidogo tu.

Jicho moja la Mwasiti likafunguka.

"Mama," alinong'ona, "usinitoe. Ninakua."

Mama akaurudisha mfarishi mahali pake, akaugandamiza pembeni kwa mkono. Akainama, akanong'ona:

"Lala, mwanangu, lala.
Sikuoni, lakini nipo."

Akapuliza taa. Fuu.

Na wewe unayesikiliza, funika miguu. Ingiza na vidole. Hatutakuchungulia mpaka asubuhi.